Sotoka ya Mbuzi na Kondoo katika Mkoa wa Mtwara: Jina na Njia Yake

Neno "sotoka" lilikuwa jina la maradhi ya ng'ombe yaliyoangamiza makundi mengi ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Mwaka 2011 maradhi hayo yalitangazwa kuwa yamekwisha duniani, lakini jina halikufa pamoja nayo. Lilikwisha kurithiwa na "sotoka ya mbuzi na kondoo", iliyoelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza huko Afrika ya Magharibi mwaka 1942. Urithi huo ni wa haki, kwani virusi vya maradhi hayo mawili ni vya jamii moja.

Katika Tanzania sotoka hiyo ilithibitishwa rasmi mwaka 2008, upande wa kaskazini. Mwaka 2010 ikathibitishwa katika Mkoa wa Mtwara, mbuzi wa Tandahimba wakiwamo miongoni mwa waliougua. Ilifikaje mbali kiasi hicho?

Macho peke yake hayakuweza kujibu. Ndui ya kondoo hujitambulisha kwa uvimbe juu ya ngozi. Sotoka huja na homa, makamasi, vidonda vya kinywa, kuhara na kukohoa, dalili ambazo mfugaji aweza kuzidhania kuwa homa ya mapafu. Hapana budi sampuli zipimwe katika maabara ndipo virusi vyenyewe vijulikane. Ama njia yake, uchunguzi ulifuata nyayo za mbuzi walionunuliwa karibuni, nazo zikarudi hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam, wanakokutana wanyama wa mikoa mingi. Maradhi yaliletwa na biashara.

Hatari haikuishia Mtwara. Mto Ruvuma ni mpaka wa dola mbili, ilhali Wamakonde wako kingo zote mbili, na anapopita mtu aghalabu hupita na mbuzi. Mwaka huo huo wa 2010 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilionya kwamba mbuzi na kondoo zaidi ya milioni 50 wa nchi 15 za kusini mwa Afrika wangeweza kupatwa, likahimiza chanjo ya dharura.

Kwa hiyo anayelisikia neno "sotoka" kijijini asitosheke nalo. Jina humwambia maradhi yanafanana na yapi. Yalikotoka na yanakokwenda, sharti aulize mbuzi alinunuliwa wapi.