Kisukari cha Ukubwani: Tulikotoka na Tulipo

Leo tunazungumza juu ya kisukari kinachompata mtu akiwa mtu mzima. Wengi wakiambiwa wana sukari huuliza: "Nimerogwa? Nitakufa lini?" Tuangalie historia, itatujibu.

Zamani mtoto aliyepata kisukari hakuishi siku nyingi. Mwaka 1921 mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kutoa insulini kwenye kongosho la mbwa. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo akiwa hoi. Aliishi miaka 13 zaidi. Mwaka 1957 daktari mmoja Ufaransa alianza kuwatibu wagonjwa kwa metformin, kidonge ambacho wengi wenu mnakifahamu.

Na huku kwetu? Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, kisha akahamia Uganda, hospitali ya Mulago. Miaka hiyo aliona Waafrika wachache sana wenye kisukari. Ni kweli waliopimwa walikuwa wachache. Lakini watu walikula wimbi, mtama, mahindi yasiyokobolewa, maharagwe, saga na managu. Walilima kwa jembe na kwenda sokoni kwa miguu. Baadaye Trowell na mwenzake Denis Burkitt waliuambia ulimwengu kwamba nyuzinyuzi za vyakula kama hivyo ni kinga.

Sasa tazama siku zetu. Unga umekobolewa ukawa mweupe, chai ina vijiko vinne vya sukari, soda iko kila kioski, na safari fupi ni boda boda. Ongeza umri, uzito na damu ya ukoo. Basi mama, huu si uchawi. Mwili umeshindwa kuitumia vizuri insulini yake.

Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu watu wazima 88 kwa kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Usingoje. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, kuchoka, macho kufifia, kidonda kisichopona: nenda kituo cha afya. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamegawiwa mikoba yenye kifaa cha kupima sukari. Ukimwona wako, muulize.

Kama tayari unatibiwa, au unamtunza mwenye kisukari, shika haya:

1. Pikeni chungu kimoja. Chakula cha mgonjwa kinafaa nyumba nzima: mboga nyingi, maharagwe, ugali kiasi.
2. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa.
3. Kagua nyayo kila jioni, na usitembee bila viatu.
4. Mgonjwa akitetemeka, akitokwa jasho na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari upesi. Kama amezimia, usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Leonard alitegemea dawa iliyokuwa ndiyo kwanza imegunduliwa. Wewe una dawa iliyojaribiwa miaka mingi. Usiiache mezani ukarudi kule walikokuwa watu kabla ya 1922.