Kikomo cha 180 na Matuta ya Jozani

Magari mengi ya Kijapani yaliyoteremshwa Bandari ya Malindi, Unguja, yalikuja na kikomo ambacho wenyewe hawajawahi kukigusa. Watengenezaji wa Japani walikubaliana kwamba gari la soko lao lisipite kilomita 180 kwa saa, hata likiwa na injini ya mbio, na vigari vidogo kabisa viishie 140. Sensa ya giaboksi hupeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini. Mshale ukifika 180, mafuta hukatwa, na dereva huhisi gari limeshikwa kwa nyuma. Zanzibar ilipolegeza biashara katikati ya miaka ya 1980, usukani wa kulia uliyafanya magari hayo yatufae. Kikomo chake hakijatufaa hata siku moja, na anayekiondoa hapati kitu cha kukitumia Unguja.

Kwetu mwendo umezuiwa na ardhi. Mji Mkongwe ulijengwa kwa waendao kwa miguu na punda, na vichochoro vyake vingi mpaka leo havipitishi gari. Lami ilipofika mashamba, kizuizi hicho kikaondoka. Barabara ya kusini ilipotiwa lami katikati ya miaka ya 1990, kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu, waligongwa mno pale kwenye msitu wa Jozani. Hakuna aliyegusa injini ya mtu: yalijengwa matuta, na vifo vikapungua. Tuta halina waya wa kukata wala programu ya kuandikwa upya.

Watu husema tuta huvunja shokapu na kuchelewesha wagonjwa, na ni kweli. Kidhibiti cha kielektroniki hakina maumivu hayo, lakini kipo mikononi mwa fundi. Kenya iliamuru kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa matatu kuanzia Februari 2004, na vidhibiti vikachezewa, kwa kuwa riziki ya dereva imo katika wingi wa safari. Nissan ilijaribu njia nyingine mwaka 2007: GT-R ya soko la Japani hutambua kwa setilaiti kwamba imeingia uwanja wa mbio, ndipo huruhusu kuvuka 180. Viwanja inavyovijua ni vya Japani. Kuna pia hoja kwamba gari ni mali ya mtu. Mali ni yake, lakini nguvu ya kugonga kwa 180 ni mara tano ya ile ya 80, na barabara ya Nungwi hupita Kinyasini na Mkwajuni mbele ya milango ya watu. Basi pesa ya kumlipa fundi wa kompyuta aondoe kikomo itiwe kwenye breki na matairi.