Saa moja ya Karagwe si saa moja ya Dar

Wadau, leo tuanze na hesabu ndogo. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita jirani na Mogadishu. Karagwe na Kyerwa ziko kwenye nyuzi 31 hivi. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Zidisha kwa 14, unapata dakika 56. Saa ya ukutani kule inalitangulia jua kwa karibu saa nzima!

Haikuwa hivyo siku zote. Speke na Sidi Mubarak Bombay walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, wafanyabiashara wa Pwani walishakuwa na kituo chao Kafuro. Wakati huo kila nchi ilikuwa na saa yake, kwa sababu kila nchi ilikuwa na mapambazuko yake. Saa moja kwa wote ililetwa na serikali ya kikoloni, nasi tukairithi.

Kwa muda mrefu haikuuma sana. Wanafunzi wengi wa sekondari walikaa bweni, na darasa lilikuwa hatua chache tu. Mwaka 2004 ukaja MMES, na shule za kata zikaenea nchi nzima. Ni jambo jema, lakini ndipo mwanafunzi wa kutwa alipoanza kutembea. Akitakiwa kuwahi namba saa moja, binti wa miaka 15 anapita migombani gizani, maana huko kuna miezi ambayo jua huchomoza saa moja yenyewe.

Na tusiseme ni uvivu. Mwili wa kijana anayebalehe huchelewa kupata usingizi usiku. Ndiyo maana mwaka 2014 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri masomo ya vijana yasianze kabla ya saa mbili na nusu. California ikaifanya sheria, ikaanza kutumika 2022.

Mbali? Basi tazama ng'ambo ya Mto Kagera. Tangu Januari 2023 shule za Rwanda huanza saa mbili na nusu, ambayo kwa saa zetu ni saa tatu na nusu. Jua ni lile lile, mto ni mmoja.

Utaniuliza, je, hawatarudi nyumbani usiku? Karagwe jua huzama karibu saa moja jioni. Mwanga tunaouiba asubuhi upo, umelala tu jioni. Kusogeza kengele kwa saa moja hakuhitaji bajeti wala mfadhili. Tunasubiri nini?