Septemba, Mizani na Nairuzi katika Pwani ya Kilwa

Mwalimu afundishapo jiografia hufika mahali penye ugumu. Kitabu chasema kwamba tarehe 22 au 23 Septemba jua huvuka ikweta likielekea kusini, mchana na usiku huwa sawa, na Ulaya huanza majira ya majani kupukutika. Wafasiri wetu wengi wameyaita majira hayo vuli. Lakini mtoto wa Kilwa au wa Lindi akitazama nje ya dirisha haoni jani lianguka kwa baridi. Huona miti ya porini ikichipua majani mapya kabla ya mvua, mikorosho ikizaa, na upepo wa kusi ukilegea. Tena neno vuli kwa Mswahili ni jina la mvua. Basi mtoto hudhani ama kitabu ni cha uongo, ama macho yake yamekosea, na yote mawili ni hasara. Nataka kuonyesha ya kuwa pwani hii ilikuwa na hesabu yake ya mwaka wa jua, na kwamba yatupasa kuijua kabla ya kuihukumu.

Kwanza tulitazame jua lenyewe. Kilwa Kisiwani ipo kama digrii 9 kusini ya ikweta, na Lindi kama digrii 10. Kwetu mchana mrefu kabisa wa mwaka hauzidi ule mfupi kabisa ila kwa muda wa saa moja hivi. Kwa hiyo siku ya usawa haionekani kwa macho, wala jua halisimami utosini siku hiyo. Hupita utosini mwa Kilwa katikati ya Oktoba, na mara ya pili mwishoni mwa Februari. Kinachoonekana Septemba ni upepo. Kusi iliyovuma tangu Aprili hupungua, demani huingia, na baadaye kaskazi hufuata. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alifuata desturi hiyohiyo ya pepo, kama walivyoifuata wote waliosafiri kati ya Arabuni na pwani hii.

Mataifa ya kaskazini, ambayo huuona usawa huo waziwazi, waliutungia hadithi. Wayunani walisimulia habari za Persefone, binti wa Demeteri, achukuliwaye kuzimu, na mama yake akaizuia nchi isizae mpaka binti arudi. Wanajimu nao waliliweka jua la siku hiyo katika buruji ya Mizani, kwa kuwa mchana na usiku hulingana kama vitanga viwili. Sisi Wakristo tunayo sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli tarehe 29 Septemba, naye katika picha za Ulaya mara nyingi hushika mizani ya kupimia roho. Sisemi kwamba jambo moja lilitoka katika jingine; nasema tu kwamba mfano huo haukuwa mgeni kwa baba zetu wa imani.

Sasa turudi pwani. Mwaka wa Kiislamu wafuata mwezi, nao una siku 354 au 355; hauwezi kumwambia mkulima lini apande, wala nahodha lini atweke tanga. Kwa ajili hiyo Waswahili walishika pamoja nao mwaka wa siku 365, ambao siku yake ya kwanza yaitwa Nairuzi, au Siku ya Mwaka. Mwaka huo hugawanywa katika miongo 36, kila mwongo siku kumi, zikabaki siku tano za kuukamilisha. Wanamaji wa Kiarabu walihesabu vivyo hivyo: Ahmad ibn Majid, aliyeandika katika karne ya 15, alitaja nyakati za safari kwa idadi ya siku tangu Nairuzi. Siku yenyewe watu walikoga baharini alfajiri, wakazima moto wa zamani na kuwasha mpya. Huko Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa yafanyika hata leo, katika mwezi wa Julai.

Jina Nairuzi ni la Kiajemi, maana yake siku mpya, na Waajemi leo huiadhimisha katika usawa wa Machi. Imekuwaje basi kwetu iwe Julai? Sababu ni robo ya siku. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Asiyeiongeza hiyo robo hupoteza siku moja kila miaka minne, na siku yake ya mwaka hurudi nyuma. Ukiifuata hesabu hiyo kinyume, kuanzia Julai ya siku hizi, utaona kwamba katikati ya karne ya 18 Nairuzi ya pwani iliangukia usawa wa Septemba, na yapata mwaka 1000 iliangukia usawa wa Machi. Mwaka 1079, katika utawala wa Malik Shah, Waajemi waliitengeneza kalenda yao ili Nairuzi isitoke tena katika Machi. Pwani ikabaki na hesabu ya kale.

Jambo hili lapatana na mengine. Tarikh ya Kilwa yasimulia Washirazi waliokuja kwa majahazi na kukinunua kisiwa kwa nguo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, ya Kilwa na Lindi yakiwamo, ulioonyesha kwamba damu ya Waafrika na ya Waajemi ilianza kuchanganyika hapa yapata mwaka 1000. Hesabu ya siku peke yake si ushahidi wa kutosha, lakini ni shahidi wa kusikilizwa.

Wala tusiwacheke wazee kwa robo waliyoiacha. Mtaguso wa Nikea ulikutana mwaka 325, na Kanisa likaihesabu Pasaka kwa usawa wa Machi, uliowekwa tarehe 21. Kalenda ya Yulio ilizidisha kidogo tu, lakini hata mwaka 1582 ulipofika, usawa ulikuwa umetoka mahali pake kwa siku kumi, na Papa Gregori wa 13 akazifuta siku hizo. Kosa lililotushika sisi kwa zaidi ya miaka elfu si haki kulihesabu kwa jirani kuwa ujinga.

Limebaki neno la utabiri. Mpiga falaki wa pwani hahesabu siku ya kuzaliwa. Huchukua herufi za jina la mtu na za mama yake, huzihesabu kwa abjadi, hugawanya kwa 12, na baki ndiyo nyota. Hata yule wa Ulaya afuataye tarehe ana shida yake, kwani siku ya usawa wa Septemba jua halimo tena katika nyota za Mizani. Kwa kuyumba polepole kwa mhimili wa dunia, sasa limo katika nyota za Mashuke. Mwenye kumwambia mtu bahati yake kwa buruji hiyo atumia jina lililokwisha kuachana na nyota zake.

Basi, ndugu walimu, tusitupe nafaka pamoja na makapi. Utabiri tuukatae, na sababu zake tuzieleze. Lakini miongo, pepo na siku ya kupanda ni elimu ya kweli, na wenye kuikumbuka wanapungua kila mwaka. Yafaa kila mmoja wetu amwendee mvuvi mzee au mkulima mzee wa mtaani kwake, amwulize mwongo wa leo ni wa ngapi na kazi yake ni nini, kisha aandike jibu kwa maneno ya mzee mwenyewe.