Mwalimu wa Mtaa wa Bagbazar

Margaret Noble, mwalimu mzaliwa wa Ireland, aliwasili Calcutta Januari 1898. Alikuwa mgeni wa lugha na wa desturi, na katika nyumba nyingi za Kihindu za wakati ule Mzungu hakuwa mtu wa kula naye. Mwezi Machi Swami Vivekananda alimpa jina la Nivedita, yaani aliyetolewa wakfu. Lakini jina peke yake halimwondolei mtu upweke. Faraja yake kubwa, kwa maoni yangu, ilitoka kwa Sarada Devi, mjane wa Ramakrishna, aliyekula pamoja naye. Na hilo halikuwa jambo dogo kwa mjane wa Kibrahmini. Hawakuwa na lugha moja, ila mmoja aliitwa Mama na mwingine binti.

Siku ya Kali Puja, Novemba mwaka uleule, Mama huyo aliibariki shule ya wasichana aliyoifungua Nivedita mtaani Bagbazar. Fedha zilikuwa haba, na wazazi wengi walisita kuwatoa binti zao nje. Tauni ilipoukumba mji mwaka 1899, mwalimu alishika ufagio akafagia vichochoro. Alifariki Darjeeling mwaka 1911. Shule yake ingali inafundisha wasichana.