Kidonda Kisichoonekana: Historia ya Jina na ya Dawa Katika Viunga vya Dar es Salaam

Katika kamusi ya Johnson iliyopigwa chapa mwaka wa 1939 limo neno kiungulia, na neno kidonda limo pia. Watu wa pwani aghalabu waliupa ugonjwa wa tumbo jina kwa namna ulivyomwuma mtu: ukimchoma, kiungulia, ukimsokota, msokoto, na maumivu mengine yalihesabiwa kuwa chango. Jina vidonda vya tumbo ni la namna nyingine kabisa. Humtaka msemaji akiri jambo asiloliona, kwamba ukuta wa ndani wa tumbo umechubuka. Ni jina la mtu aliyepasua, au aliyechungulia kwa chombo. Lakini leo mganga wa Temeke hulitumia sawasawa na tabibu wa hospitali.

Temeke na Kinondoni zimejengwa katika nchi ya Wazaramo. Mji ulipopanuka baada ya Vita Kuu ya Pili, mashamba yaligeuka mitaa. Uganga haukutoweka, Lloyd Swantz aliwachunguza waganga wa Kizaramo wa mjini humo, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1990. Kilichotoweka ni miti. Msitu wa Pugu umeliwa sana na wachoma makaa, na mganga wa mjini hulazimika kununua magome yaliyokwisha kukauka. Yafaa ikumbukwe kwamba gome lisilo na jani si rahisi kutambulikana.

Kwa sababu hiyo kazi iliyoanza Muhimbili mwaka wa 1974 ilikuwa na haraka. Mwaka huo kiliundwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili, nacho kikawa taasisi kamili mwaka wa 1991. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilifuata mwaka wa 2002. Mwaka wa 2012 wataalamu wa hapo walitangaza habari za mchanganyiko wa mimea mitano unaotumiwa kutibu vidonda vya tumbo: magome ya Ozoroa insignis, Maytenus senegalensis, Entada abyssinica na Lannea schimperi, pamoja na sehemu za juu za Rhynchosia recinosa. Panya walinyweshwa dawa, kisha wakapewa spiriti iliyochanganywa na asidi, ambayo huunguza utando wa tumbo. Kadiri kipimo cha dawa kilivyozidi, ndivyo utando ulivyosalimika. Kipimo cha kulinganisha kilikuwa pantoprazoli, dawa ya hospitali.

Mtu asidhani kwamba njia hiyo ni ya Afrika peke yake. Mwaka wa 1946 daktari Mholanzi, Revers, aliandika kwamba wagonjwa wa vidonda walipata nafuu kwa maji ya urukususu, mzizi ambao jina lake la Kiswahili ni la Kiarabu, nao waganga wa nchi nyingi waliujua tangu kale. Baadhi yao walivimba mwili. Hata hivyo kutokana na kiini cha mzizi huo ilitengenezwa karbenoksoloni, iliyotumiwa Uingereza katika miaka ya 1960.

Hapa pana ukingo ambao wasifu wa dawa za asili huuruka upesi mno. Mwaka wa 1982, mjini Perth, Australia, Warren na Marshall walimgundua bakteria aitwaye Helicobacter pylori, wakaonyesha kuwa ndiye chanzo cha vidonda vingi. Tuzo ya Nobel walipewa mwaka wa 2005. Jeraha la panya wa Muhimbili lilitokana na spiriti na asidi, si na bakteria huyo. Kwa hiyo kilichothibitishwa ni kwamba mchanganyiko huo hukinga utando wa panya. Hilo si dogo, lakini si sawa na kumponya mtu.

Jina lililowakutanisha tabibu na mganga limekwisha kupanuka. Maumivu yoyote ya tumbo, Mbagala au Tandale, huitwa vidonda kabla ya kupimwa, na ndani ya jina hilo hujificha kiungulia cha kale, jeraha la bakteria, na pengine saratani, ambayo mapema huuma vilevile na hutulia kwa muda kwa dawa ileile.