Safari ya miezi mitatu, begi la kilo 7: Beba nini, acha nini

Anayesafiri wiki moja na anayesafiri miezi mitatu wanahitaji nguo zilezile. Wa miezi mitatu atafua mara nyingi zaidi, basi.

Wengi husahau hilo wanapopanga begi. Wanahesabu siku za safari, wanajaza nguo kwa hesabu hiyo, na mwisho wanabaki na mzigo wa kilo 20 ambao hata kuupandisha mgongoni ni mpaka mtu asaidie.

Chukua mfano wa mzunguko wa mabasi ambao wasafiri wa begi la mgongoni huufanya sana: Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Kampala, Kigali, kisha kurudi Tanzania kupitia mpaka wa Rusumo. Safari yote hiyo inawezekana kwa begi moja la lita 35 hadi 40 lenye kilo 7 hivi.

Kwa nini kilo 7?

Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kiasi hicho kuingia nacho ndani, kwa hiyo hata ukipanda ndege kipande kimoja cha safari hulipii mzigo.

Faida kubwa zaidi iko kwenye basi. Begi dogo unalipakata au unaliweka chini ya miguu. Begi kubwa linakwenda kwenye buti. Basi likisimama usiku kushusha abiria, buti linafunguliwa, na wewe uko kiti cha dirishani upande wa pili. Unajua begi limeibwa ukishafika.

Halafu kuna bodaboda. Ukiwa na kilo 7 mgongoni unapanda na kuondoka. Ukiwa na sanduku, unatafuta teksi na bei inapanda.

Kanuni moja: kinachonunulika njiani, kiache

Sabuni, dawa ya meno, ndala, fulana, pedi, mwavuli: vyote viko kila mji. Kubeba akiba ya miezi mitatu ni kuhamisha duka.

Nafasi ya begi ni ya vitu ambavyo ukivipoteza Kampala huvipati kesho yake asubuhi: pasipoti, dawa zako za kila siku, miwani ya macho, kadi ya benki, simu na chaja.

Nguo: za siku tano zinatosha

- Fulana au blauzi 3
- Suruali 2 nyepesi, au suruali 1 na sketi ndefu 1
- Kaptula 1 ya kulalia na kuogelea
- Chupi 5 na soksi jozi 3
- Sweta 1
- Koti jepesi la mvua 1
- Viatu vya kutembelea (unavivaa) na ndala
- Khanga au kikoi 1

Jinzi iache nyumbani. Ni nzito, na ikilowa inaweza kuchukua siku mbili kukauka. Suruali ya kitambaa chepesi ukiifua jioni, asubuhi unaivaa.

Khanga ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote begini. Ni taulo, ni shuka kwenye gesti ambayo shuka zake huziamini, ni pazia, ni mto ukiikunja, na ni ya kujifunika ukiingia mahali panapotaka heshima. Taulo kubwa la pamba ni zito kuliko khanga na linakawia kukauka.

Baridi usiidharau

Anayetoka Dar na joto lake huona sweta ni mzigo wa bure. Lakini Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,700, na Kabale, kabla ya kuingia Rwanda, karibu 2,000. Mwezi Julai asubuhi utaitafuta hiyo sweta.

Jaketi zito halihitajiki. Vaa kwa tabaka: fulana, sweta, kisha koti la mvua juu ya kuzuia upepo. Ikizidi, ingia mitumbani. Karume Dar, Gikomba Nairobi na Owino Kampala utapata sweta kwa bei ya mlo mmoja au miwili, na ukitoka kwenye baridi unamgawia mtu. Rwanda usiitegemee kwa hilo: ushuru wa mitumba ulipandishwa sana mwaka 2016.

Anayetaka kupanda Kilimanjaro naye asibebe vifaa vya mlimani miezi mitatu kwa ajili ya siku sita. Moshi kuna maduka yanayokodisha makoti mazito, buti na mifuko ya kulalia. Huko mzigo unabebwa na mpagazi, ambaye haruhusiwi kuzidisha kilo 20. Kila unachoacha chini ni nafuu kwenye shingo ya mtu mwingine.

Kufua bila mashine

Kata kipande cha sabuni ya mche. Kinafua nguo, kinaogea, na hakimwagiki kama sabuni ya maji. Beba pia kamba ya mita tatu.

Ukishakamua nguo, itandaze juu ya khanga kavu, viringisha pamoja, kisha kamua tena. Khanga inanyonya maji yaliyobaki na nguo inakauka mapema.

Nguo mbichi zisiingie kwenye mfuko wa plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya 2017, na Tanzania Juni 2019. Tumia mfuko wa kitambaa.

Umeme na simu

Simu moja inatosha: ni kamera, ramani, tochi na kitabu. Kompyuta mpakato beba tu kama unafanyia kazi njiani.

Tanzania, Kenya na Uganda soketi ni za pini tatu bapa. Rwanda ni pini mbili za mviringo, hivyo adapta moja ndogo inahitajika.

Pawabanki ya mAh 20,000 ina takriban Wh 74, chini ya kikomo cha Wh 100 ambacho mashirika ya ndege hukubali bila kuomba kibali. Iweke kwenye begi la mkononi, kamwe isiende kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Karatasi na dawa

Kadi ya njano ni nyepesi kuliko kitu chochote begini, lakini bila hiyo unaweza kukwama mpakani. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha.

Dawa ziache kwenye pakiti zake na uambatanishe cheti cha daktari. Vidonge vilivyochanganywa kwenye kichupa kimoja vinaleta maswali mengi kwa afisa wa forodha.

Piga picha pasipoti na kadi ya njano, ujitumie kwenye barua pepe. Simu ikiibwa, nakala bado zipo.

Jinsi ya kupanga

Vitu vizito viweke katikati ya begi, karibu na mgongo. Vikikaa chini kabisa au upande wa nje, begi linakuvuta nyuma. Funga mkanda wa kiunoni ili uzito ukae kwenye nyonga, mabega yapumzike.

Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Chupa moja inatosha, utaijaza njiani.

Jipime kabla ya kuondoka

Wiki moja kabla ya safari, panga begi lote, lipime hata kwenye mizani ya duka la nafaka, kisha tembea nalo kilomita mbili juani. Ukirudi, toa ulichokuwa unakiwazia njiani kuwa hukihitaji.

Baada ya siku 10 barabarani, kagua tena. Ukiacha dawa na koti la mvua, chochote ambacho hujakigusa kifunge, kipeleke kwenye ofisi ya mabasi na ukitume nyumbani kama kifurushi. Safari inayobaki ni ndefu, na mgongo ni huohuo.